Bakuli Lisilo na Kamba

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, si ya harusi yangu wala siku aliyozaliwa baba yako. Ni mchana mmoja wa Kariakoo, jua la utosini, mimi nimekaa benchini na bakuli la supu mbele yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilijiona nimeshaimaliza dunia. Habari yote ya siku ile sijamsimulia mtu yeyote mpaka leo. Hata babu yako aliijua nusu tu.

Nakusimulia wewe kwa sababu ya lile uliloniomba juzi. Ulikuja ukakaa karibu yangu, ukanishika mkono, nikajua hapa pana jambo. Ukasema, "Bibi, Jumamosi wageni wa posa wakija, naomba umwambie mama ile meza yake ya chapati aitoe pale barazani. Na yeye akae ndani tu, mama mkubwa ndiye awapokee." Sikukujibu. Ulidhani sijasikia, ukarudia kwa sauti. Nilisikia tangu mara ya kwanza, mwanangu.

Mimi sikulelewa na mama yangu. Alifariki nikiwa na miaka minne, baba akaenda kusini kutafuta kazi, akapotelea huko. Aliyenichukua ni dada yake baba, shangazi Mwanaidi, hapa hapa Ilala. Hakuwa na mtoto wa kumzaa. Alikuwa akiuza supu Kariakoo, kwenye kichochoro nyuma ya maduka ya vitambaa: meza moja, mabenchi mawili, jiko la mkaa na turubai la kukinga jua.

Supu yenyewe ilikuwa ya kamba na tambi. Ndiyo, tambi hizi hizi nyembamba tunazopika kwa sukari mwezi wa Ramadhani. Alipoanza watu walimcheka, wakasema Bi Mwanaidi kachanganyikiwa. Baadaye hao hao wakawa wanapanga foleni. Kila alfajiri alikwenda Feri kununua kamba wabichi, akawamenya, maganda na vichwa akavitwanga kwenye kinu na kuvichemsha na tangawizi na bizari mpaka mchuzi ukageuka rangi. Akachuja. Tambi alizitia mwisho kabisa, bakuli kwa bakuli, zisije zikalainika. Na kila bakuli lilikuwa na kamba sita, uwe mwenye duka au mbeba mizigo. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake sokoni. Watu walisema kwa Bi Mwanaidi hakuna haja ya kuchungulia bakuli la mwenzako.

Sasa, mimi na kamba hatupatani. Nilipokuwa na miaka sita nilidokoa mmoja, mmoja tu, uso ukavimba na pumzi zikaanza kukata. Shangazi alinibeba mgongoni akakimbia nami mpaka hospitali, jiko ameliacha linawaka na nyumba wazi. Tangu siku hiyo akawa ananipikia changu mbali, kwenye kisufuria kidogo chenye upawa wake: tambi na bizari ile ile, lakini viazi na yai mahali pa kamba. Hata kijiko cha sufuria kubwa hakikuruhusiwa kukigusa. Nimekula kwenye kisufuria kile mpaka nikamaliza shule.

Nikapata kazi ya mapokezi katika ofisi moja ya mjini, viatu virefu, nywele kila wiki. Hapo ndipo kichwa kilipovimba. Harufu ya supu kwenye nguo za shangazi ikaanza kunikera. Nikahama, nikapanga chumba Magomeni. Jumapili nilikwenda kumsalimia nyumbani, lakini kule kichochoroni sikukanyaga tena, miaka miwili mizima. Nilijiambia nina kazi nyingi. Uongo mtupu, niliona haya.

Kisha akatokea Nassor, babu yako. Familia yao ni Waarabu wa hapa hapa mjini, wanakaa Upanga, wana duka la kanga na vitenge Kariakoo. Aliponiuliza nimelelewa na nani, nilimwambia nimelelewa na baba mdogo, yuko Tanga, ana shamba, na posa ipelekwe huko. Huyo baba mdogo nilikuwa nimemwona mara mbili maishani mwangu. Shangazi sikumtaja kabisa, wala kwake sikumtaja Nassor. Nikaona nimepanga vizuri.

Mama yake Nassor, Bi Zuwena, akanipenda. Siku moja akaniita dukani kwake nichague vitambaa. Tulichagua asubuhi nzima. Ilipofika adhuhuri akasema, "Twende tukale. Kuna supu hapa nyuma, ukiionja utaniombea dua."

Mimi nilidhani mtu wa Upanga hali benchini! Kumbe alikuwa mteja wa miaka mingi, akija saa ambazo mimi nilikuwa shuleni. Ningesema kamba wananidhuru, mambo yangeisha pale pale. Lakini niliogopa ataniuliza mengi, na moja lingezaa jingine, nikaona bora nimfuate nikijipa moyo kwamba labda shangazi hayupo siku hiyo.

Alikuwepo. Amejifunga kanga yake kifuani, ameshika upawa. Aliponiona uso ulimchanua, mwanangu, kama mtu aliyeletewa zawadi. Alifungua mdomo aniite jina langu. Nami nikageuza macho nikatazama turubai, nikajitia hamnazo. Nikasema, "Habari za hapa." Mimi, niliyempa shikamoo kila asubuhi ya maisha yangu, nikamwambia habari za hapa.

Mdomo wake ukafunga taratibu. Alielewa mara moja.

Bi Zuwena hakuona kitu, au nilidhani hakuona. Akasema, "Bi Mwanaidi, leo nimekuletea mgeni. Huyu ndiye mkwe wangu, mchumba wa Nassor. Mpe bakuli zuri."

Hivyo ndivyo shangazi yangu alivyopata habari ya ndoa yangu. Amesimama, upawa mkononi, akiwa muuza supu.

"Mashallah," akasema. "Hongera sana, bibi. Binti amependeza." Kisha akanigeukia. "Karibu, dada. Kaa hapa penye kivuli."

Aliniita dada, kama anavyowaita wanawake wote wapitao njia.

Akamletea Bi Zuwena bakuli lake. Kisha nikamwona anainama chini ya meza na kukitoa kisufuria changu, kile kile, na mpini wake uliofungwa waya. Kilikuwa na chakula. Sikuelewa kwanza, maana mimi sikuwa nimekuja pale miaka miwili. Halafu ikaniingia. Alikuwa akikipika na kukibeba kila siku, miaka yote miwili, ikitokea nimepita. Nilipoelewa hivyo ningepaswa kusimama nimkumbatie. Nilikaa.

Akaniwekea bakuli mbele yangu. Rangi ile ile, tambi zile zile, viazi na yai. Bi Zuwena akachungulia. "Mbona la kwako halina kamba?"

Benchi zima likageuka. Pale kwa Bi Mwanaidi, bakuli lisilo na kamba lilikuwa jambo la ajabu. Ilibidi niseme kitu. Ningeweza kusema mengi, hata kukaa kimya kungetosha. Mimi nikacheka, kile kicheko cha ofisini, nikasema kwa sauti, "Aa, si ndiyo zao hawa! Wakiona mtu mgeni wanamwibia mchana kweupe."

Nilisema maneno hayo. Kinywa hiki hiki unachokiona.

Mbeba mizigo mmoja aliyekaa mwisho wa benchi akatikisa kichwa. "Bi Mwanaidi, hata wewe?" Shangazi akasema, "Samahani, dada. Nimepitiwa." Hakunitazama. Lakini hakuchukua bakuli wala hakuniongezea kamba. Akasema wamebaki wachache, wameshaagizwa. Mtu mwingine akaguna.

Bi Zuwena, kwa wema wake, akachota kamba watatu na mchuzi kutoka bakuli lake akavitia kwenye langu. "Kula, mwanangu, usione haya." Nikashika kijiko. Mwanangu, nilikuwa tayari kula. Niliona heri koo lifunge kuliko kusema ukweli. Nikakiinua.

Shangazi aliruka kutoka nyuma ya meza. Alilipiga lile bakuli kwa kiganja, likaenda chini, supu ikatapakaa kwenye viatu vyangu na gauni la Bi Zuwena. Kijiko akaninyang'anya. Alikuwa anatetemeka.

"Una wazimu?" Bi Zuwena akamaka.

Hapo shangazi alikuwa na neno moja tu la kusema. Angesema, huyu ni mtoto wangu, akila atakufa. Angekuwa na haki. Akanitazama, mara moja tu, akaona jinsi nilivyokuwa namwomba kwa macho anyamaze.

"Nzi," akasema. "Nisamehe, bibi. Nimeona nzi ameingia kwenye bakuli."

Nzi! Mwanamke aliyefunika kila chombo kwa kitambaa cheupe, aliyenawa mikono mpaka vidole vikajikunja. Wasichana wawili wa dukani wakasukuma mabakuli yao wakaondoka. Mbeba mizigo akafuata. Kwanza nilimfanya mwizi, kisha akajifanya mchafu mwenyewe, vyote ili mimi nionekane mtu wa maana. Na mimi nikafuta viatu vyangu kwa leso.

Tulirudi dukani. Mlangoni Bi Zuwena akasimama. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti.

"Nimekula pale miaka tisa," akasema. "Nzi sijaona hata mmoja. Leo nimeona mtu anamwaga riziki yake kwa hofu. Hofu ile naijua, nimezaa wanne. Na nimeona wewe, uliyelelewa ukaleleka, humpi shikamoo mwanamke wa umri wangu. Sikuulizi yule ni nani wako. Nenda. Ukishajua posa ipelekwe wapi, utakuja kuniambia."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilitembea kwa miguu mpaka Ilala, na ile supu imenikaukia viatuni.

Nilimkuta shangazi uani anaosha mabakuli. Jua lilikuwa bado juu, siku zote hakuwahi kurudi saa zile. Sufuria kubwa ilikuwa kando yake, nusu yake haijauzwa. Nikapiga magoti, nikasema, "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama. Umekula?"

Hilo ndilo alilouliza. Akafuta mikono, akakiteleka kisufuria changu kipate moto, akanipa na kijiko. Nikala huku machozi yanadondokea ndani. Nilitaka kuomba radhi, kila nikianza ananiambia nile kwanza. Akaniacha nimalize. Kisha, kwa upole kabisa, bila kisirani, kama mtu anayeuliza basi linaondoka saa ngapi, akasema:

"Siku ya harusi, mwanangu, nije nikiwa nani? Niambie mapema nisije nikakosea."

Hakuwa ananisuta. Angenisuta ningepona haraka. Alitaka kujua kweli, ili ajiandae, ili asiniaibishe. Alikuwa tayari kuja kama mpishi, kama jirani, au asije kabisa. Ni miaka mingi imepita, na swali lile bado nikiwa peke yangu nalisikia.

Kesho yake nilikwenda kichochoroni saa ya chakula. Nikampa shikamoo mbele ya watu, nikawaambia waliokuwepo kwamba huyu ndiye aliyenilea, kamba wananidhuru, na mwongo wa jana nilikuwa mimi. Mbeba mizigo yule alirudi kula. Wale wasichana wawili hawakurudi, na wengine waliosikia habari ya nzi hawakurudi pia. Mwaka mzima alihangaika kulisafisha jina nililomchafulia kwa nusu saa. Nilimwendea Bi Zuwena nikamwambia, na posa ililetwa hapa, kwenye baraza hii hii, na siku ya harusi alimshika shangazi mkono akamkalisha mbele. Watu walisema alipendeza. Mimi nilikuwa namtazama, na nilishindwa kufurahi sawasawa. Mtu alinisamehe kabla sijamwomba, na hilo ni zito, mwanangu, kulibeba.

Basi sikiliza. Sikulaumu kwa kuona haya, ujana una haya zake. Ila uzichague. Moshi wa chapati za mama yako ndio uliokusomesha; usiutolee maelezo kwa mtu. Jumamosi meza ibaki pale pale barazani, na mama yako ndiye akae mlangoni awapokee wageni, kwa jina lake na kazi yake. Wakila chapati zake wakaona aibu, wachukue viatu vyao waende, hao hawakuja kwa ajili yako. Na leo kabla hujalala, nenda ukamsaidie kukanda unga. Hana habari ya ulichoniomba, na kwangu hatakipata.

Mola akupe mume mwema na nyumba yenye heri, mwanangu. Akupe watoto wasiokuonea haya. Na akuepushe, akuepushe kabisa, na siku ambayo mtu aliyekulea atakuuliza aje kwako akiwa nani. Amin.