Madam Phelesia na Mausi ya Sabuni

"Kabla mwezi huu haujaisha, mwanafunzi yeyote hapa atafundisha somo la moyo kwa kompyuta, hata nikimtoa usingizini." Hivyo ndivyo Madam Phelesia, mkufunzi wa sayansi, alivyojigamba paredini mbele ya chuo kizima cha ualimu, Migori, mwaka 1998. Shida ilikuwa ndogo tu: hiyo kompyuta hakuna mwanafunzi aliyewahi kuigusa. Ilikuwa moja, ya msaada, imefungiwa chumbani na kufunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni.

Bwana Monari, mkuu wa chuo, alimjibu palepale. "Sawa, madam. Ijumaa ya mwisho nitachagua mmoja. Akishindwa, mashine inaenda kwa sekretari ipige chapa mitihani."

Mwingine angeomba radhi. Phelesia, mzaliwa wa Karungu, alinunua miche ya sabuni, akaikata vipande, akavifunga mikia ya uzi: mausi arobaini, mfano wa kile kipanya cha kuongozea kompyuta. Kioo cha kompyuta alikichora kwenye makatoni, picha moja baada ya nyingine. Wakufunzi wenzake walicheka mpaka chai ikawatoka puani. Yeye akazidi kuwafokea wanafunzi wakisukuma sabuni mezani: "Usiikodolee macho. Geukia darasa. Mashine haifundishi, wewe ndiwe mwalimu."

Ijumaa ikafika. Monari akamchagua Chrispine wa kisiwa cha Mfangano, ambaye kompyuta aliijua kwa harufu ya sabuni tu. Chrispine alipoishika mausi yenyewe, aliifuta kwanza kwenye suruali.

"Anafanya nini huyo?" Monari akauliza.

"Anaondoa povu, Mkuu," Phelesia akajibu. Kisha akamnong'oneza Chrispine, "Pole pole, nyathina. Mtoto wangu, ni ile ile."

Chrispine akaingiza sidii ya somo la moyo. Moyo ukatokea kiooni, unadunda kwa sauti. Chumba kizima kikaduwaa, ila Chrispine. Yeye aliupa kisogo, akamtazama mkuu usoni.

"Mzee, damu ikitoka kwenye mapafu inaingia upande gani wa moyo?"

"Kulia."

"Tazama tena, Mzee. Fuata rangi nyekundu."

Monari akavuta kiti mbele, akafuata kwa kidole. "Kushoto," akasema, mpole kama mtoto wa darasa la tano. Akauliza swali, na jingine, kengele ya chakula ikalia naye hajainuka.

Alipotoka alimpa Phelesia ufunguo wa chumba. "Nenda uchongeshe wa pili, madam. Ukae nao wewe."

Kuchongesha ufunguo pale mjini Suna kuligharimu shilingi arobaini: shilingi moja kwa kila mausi ya sabuni.