Sauti Isiyo na Vidoko

Zablon wa Ihumwa hakuwa mtu wa kushindwa na kompyuta. Wengine mashine ikiwasumbua husema imekufa. Yeye husema imenuna, na aliyenuna hubembelezwa. Fremu yake, kijiduka cha kuchapa na kutoa kopi, karibu na reli, ilijaa kompyuta kuukuu zilizotupwa na maofisi, na zote alizifufua kwa Linux moja ndogo, programu endeshi ambayo hata mafundi wenzake wa mjini walikuwa hawaijui. Walimcheka, naye akawacheka, maana za kwao zilikuwa zinaganda na zake zinapiga kazi.

Basi mtu huyo mwenye kucheka, mwaka ule kicheko kilimkauka. Mdogo wake, Noeli, alikwenda ng'ambo kufanya kazi kwenye ghala la mizigo. Kila Jumapili alipiga simu ya intaneti akaongea na mama yao Kisandawe, wee, mpaka bando liishe. Halafu kimya. Mtanzania mmoja wa hukohuko akaleta habari kwamba bweni la wafanyakazi liliungua, na waliofia humo hawakutambulika wote. Kijijini kwao, upande wa Kwa Mtoro, mjomba wao Apolinari akasema watu waweke matanga, kijana apumzike. Mama yao, Bi Loisi, akakataa katakata. Akafunga kibegi chake akaja Ihumwa kukaa na Zablon.

"Mimi simlilii mtu ambaye sijaambiwa amekufa," alisema. "Nataka kujua mwanangu yu hai au hayupo. Basi."

Miezi ikapita. Siku moja ujumbe ukaingia kwenye kompyuta ya Zablon: "Kaka, ni mimi Noeli. Mama yuko? Nataka kusikia sauti yake." Chini yake anwani ya tovuti ya kupigia simu. Zablon aliuliza uko wapi, una hali gani, ulinusurikaje. Kila swali lilijibiwa vilevile: nataka kusikia sauti ya mama.

Tovuti yenyewe, jamani, ilikuwa na maringo. Ilitaka plagini, kile kiprogramu kinachobandikwa kwenye kivinjari ili mtu apige simu humohumo. Simu za mkononi ilizikataa. Kwa kompyuta, wenyewe waliandika waziwazi mifumo wanayoihudumia, na Linux ya Zablon haikuwamo. Kuweka mfumo mwingine haikuwezekana, mashine zake zilishazeeka, zingezimia. Kuazima kompyuta ya mtu hakutaka, maana habari ya namna hiyo huendi kuisikilizia kwa jirani.

Akaanza kubembeleza. Alilifungua furushi la plagini kwa mkono, akatoa faili mojamoja na kuzipanga pale ambapo mfumo wake ungeziona. Faili moja ya sauti ikakosekana. Akaiokota kwenye jukwaa la mafundi la mtandaoni, toleo la zamani, akaibadilisha jina ili plagini idhani ndiyo ile inayoitaka. Ulikuwa udanganyifu mtupu, lakini plagini ikaumeza, na kitufe cha kijani cha kupigia kikatokea.

Palikuwa na namba ya majaribio: unasema, nayo inakurudishia maneno yako. Akasema halo, ikarudi halo. Akasema neno la Kisandawe, likarudi na pengo. Kwa wasiokijua, Kisandawe kina vidoko, ile milio ya ulimi kugonga na kubanduka kwenye kaakaa, na ukiviondoa neno linabaki kibogoyo. Plagini ilidhani vidoko ni kelele, ikavifagia. Zablon hakushangaa. Simu za Jumapili nazo zilikuwa hivyohivyo, na mama alizoea kulalamika kwamba simu inakula maneno.

Wakapiga mchana wa kesho yake, mlango umeegeshwa kuzuia vumbi, upepo wa Dodoma ukivuma huko nje.

"Shikamoo mama."

Alikuwa Noeli kabisa. Sauti ileile nzito, na kule kukwama kidogo kabla ya neno. Bi Loisi akashika ukingo wa meza, na uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo Zablon alikuwa ameisahau.

"Marahaba, baba. Uko wapi? Uliungua? Unakula?"

"Ongea, mama."

"Nimekuuliza wewe."

"Endelea kuongea, mama."

Akaongea. Akamweleza habari za mvua, za mtama, za mbuzi aliyezaa pacha, kisha akahamia Kisandawe, lugha aliyomlelea. Sauti ikamjibu Kisandawe, haraka, bila kusita, na mapengo kila mahali. Bi Loisi akamgeukia Zablon.

"Kitoe hicho kinachokula maneno. Nataka kumsikia mzima."

Fundi gani angekataa? Akaingia kwenye amri za plagini akazima usafishaji wa sauti, wa kwenda na wa kuja, na simu isikatike. Mistari ya sauti kwenye kioo ikafumuka: upepo wa nje, kiti, pumzi ya mama, vyote sasa vilikuwa vinakwenda. Lakini kutoka upande wa pili hakukuja kitu. Hakukuwa na pumzi. Hakukuwa na mwangwi wa chumba. Kulikuwa na ile sauti peke yake, "Ongea, mama," na ikinyamaza mstari unalala kabisa. Zablon alisikia nywele zikimsimama.

Bi Loisi naye alikuwa amesita. "Mwanangu," akauliza taratibu, "jina lako la nyumbani nani?"

Noeli ni jina la ubatizo. Nyumbani aliitwa jina la babu yake, nalo linaanza kwa kidoko. Sauti ikalitaja: pengo, halafu mkia wa jina.

Hapo Zablon akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamtisha. Kitu hiki kilijifunza Kisandawe kwa kusikiliza simu zao za Jumapili. Kilijifunza kile kilichosikika, na mapengo yake. Alitaka kumshika mama mkono anyamaze, lakini mama ni mama. Mtoto akikosea neno, ulimi wake haungoji ruhusa.

"Siyo hivyo, baba," alisema, akalitamka lile jina polepole, kidoko na mkia wake, kama anamfundisha mtoto anayeanza kusema.

Kisha sauti ya Noeli ikalitamka jina, zima.

Zablon nusura ashukuru Mungu, ila akauona uso wa mama yake. Kidoko kile kilivuja upepo pembeni, kidoko cha mtu aliyeng'oka magego. Kilikuwa cha Bi Loisi mwenyewe, kimewekwa ndani ya kinywa cha kijana.

"Huo ni ulimi wangu," mama akasema.

"Ongea, mama," sauti ikasema. "Bado kidogo tu. Ongea." Na hilo neno la mwisho ililisema kwa Kisandawe, na kidoko chake kilivuja upepo.

Bi Loisi akajiziba mdomo kwa kitenge, kwa mikono miwili. Zablon akachomoa waya wa umeme, akachomoa na wa intaneti. Kisha machozi yakamtoka mama, ya kwanza tangu habari za moto zije, na hakuyafuta.

"Noeli amekufa," akanong'ona. "Angekuwa hai, angelitaja jina lake kwa ulimi wake. Mwambie mjomba wako Apolinari, tunaweka matanga."

Zablon akatoa simu mfukoni atafute namba. Mama akamnyang'anya, akailaza kifudifudi mezani.

"Nenda mwenyewe," akasema, kwa sauti ndogo sana. "Ukamwambie sikioni."