Tulivyoipita Idjwi

Tiketi zilitufikia ndani ya bahasha, mikononi mwa dereva wa lori aliyejuana na shangazi yangu wa Goma. Zilikuwa mbili: moja ya bibi yangu, tuliyemwita Koko, na nyingine yangu mimi wa kumsindikiza. Nyumbani kwetu Kadutu, mjini Bukavu, kusoma karatasi ilikuwa kazi yangu, maana nilikuwa nimemaliza darasa la sita na mama hakupita shuleni. Baba alikuwa Kamituga, kwenye dhahabu, akirudi mara moja moja.

Nilisoma polepole, kidole chini ya maneno. Sehemu ya juu ya meli, benchi za kuume, namba kumi na moja na kumi na mbili. Chini kabisa palikuwa na maneno madogo: msafiri awe amejiandikisha mlangoni kabla ya saa moja asubuhi, baada ya hapo nafasi yake itapewa mwingine. Meli ingeondoka saa mbili.

Koko alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Kuume njo upande ya Idjwi?"

Mama akamjibu kwamba ndiyo, ukielekea Goma kisiwa kinakaa kuume.

"Basi," akasema Koko, akakunja mikono.

Koko alizaliwa Idjwi, kwenye kilima kilichotazama maji. Alivushwa akiwa msichana, akaolewa Mumosho, karibu na mto Ruzizi, na hakurudi tena. Kwanza ilikuwa watoto, halafu mashamba, halafu magoti. Wazazi wake walizikwa kule bila yeye kuwepo, na ndugu zake wakatawanyika, hata akawa hana mtu wa kumfikia. Hakuwa akitaka kukanyaga kisiwa. Alitaka kukiona tu, kilima chake kikipita, akiwa amekaa. Shangazi alilijua hilo, ndiyo sababu akatafuta benchi za juu, za upande ule.

Alikuwa amekuja kwetu kutoka Mumosho siku tatu kabla ya safari, akalala kwenye kitanda changu, mimi nikalala kwenye mkeka. Asubuhi ya kwanza aliniuliza kama macho yangu ni mazima. Nikasema ni mazima. "Muzuri," akasema. "Yangu ikichoka, utanionyesha."

Hatukuwa na saa ndani ya nyumba. Tulijua wakati kwa kengele ya parokia na kwa wanafunzi wakipita. Kwa ajili ya meli mama aliona hiyo haitoshi, akaenda kuongea na jirani. Jirani huyo alikuwa mfanyakazi wa serikali aliyetumwa kwetu kutoka Kinshasa, mtu mpole, anayeishi peke yake kwenye vyumba viwili nyuma ya ua wetu. Kiswahili chake alikisema kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa. Jioni aliniita uani kwa neno lake la Kilingala, ndeko, yaani ndugu, akaivua saa mkononi.

"Ndeko, kamata. Utanirudishia ukitoka Goma. Hii saa haidanganyaka. Kila magaribi naiweka na radio."

Nikasema asante, macho chini. Radio ile ilikuwa ya Kinshasa, na kila mtu wa Bukavu alijua kwamba saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa nzima: kwao ikiwa saa kumi na mbili, kwetu tayari ni saa moja. Nililijua tangu utotoni. Swali lilinifika hadi kwenye meno. Lakini kumuuliza mtu mzima, aliyenipa saa yake wakati huohuo, kama saa yake ni nzuri, niliona ni kumtukana. Nikajiambia kwamba mtu aliyekaa Bukavu miaka mitatu hawezi kuwa anatembea bado na saa ya Kinshasa. Nikasema asante mara ya pili, nikaingia ndani.

Asubuhi ukungu ulikuwa umefunika mji mzima, jua halikuonekana. Mama alikuwa ametangulia sokoni na beseni lake la samaki wadogo wa sambaza, bila wasiwasi, kwa kuwa saa nilikuwa nayo mimi. Koko alikaa mlangoni, amevaa kitambaa chake kizuri, mwavuli mapajani, kikapu cha maharage miguuni.

"Twende," akasema.

Nikaangalia mkono. Saa kumi na moja na nusu.

"Bado, Koko. Kunywa uji kwanza."

Akanywa uji. Nikafagia nyumba, nikaosha vikombe, nikajipaka mafuta miguuni. Tulitoka wakati saa ilikuwa karibu na kumi na mbili, na nilijiona nimewahi sana.

Tulishuka taratibu kwa sababu ya magoti yake. Hatukufika mbali kabla hajasimama.

"Bamama ba soko balisha pita bote," akasema. "Barabara iko wazi."

"Leo wametangulia, Koko."

Mbele ya parokia watu walikuwa wakitoka kanisani, wengine wamesimama wakisalimiana.

"Misa imeisha."

"Labda ni misa ya msiba. Hiyo huwa mapema."

Tukaendelea. Penye shule ya msingi wanafunzi walikuwa wamepanga mistari uwanjani, bendera inapanda, wanaimba. Koko akaegemea mwavuli wake, akawatazama.

"Na hawa batoto? Banaimba mu usingizi?"

Nikamnyooshea mkono. Saa ilikuwa kubwa, ilinishuka mpaka karibu na kiwiko, nikairudisha mahali pake ili aione vizuri.

"Angalia, Koko. Iko hapa. Bado ni mapema."

Hakujua kuisoma. Aliutazama mkono wangu kwa heshima, kama watu wanavyotazama karatasi yenye muhuri.

"Weye ulisoma," akasema, akaanza kutembea tena.

Mimi ni mtu ninayenyamaza mbele ya watu. Dukani huwa nasubiri mpaka wote wahudumiwe. Asubuhi ile nilikuwa nimembishia mzee mara tatu mfululizo, na sina budi kukiri kwamba nilisikia utamu.

Bandarini mlango ulikuwa karibu mtupu. Nilifikiri tumekuwa wa kwanza. Kisha nikaona watu wote wamekwisha kuwa ndani ya meli, juu na chini, na wapagazi wamekaa kwenye mikokoteni yao mitupu wakila ndizi. Karani alikuwa anakunja daftari lake. Nyuma yake, chini ya picha ya rais, kulikuwa na saa ya ukutani: saa mbili kasoro robo.

"Citoyenne," akaniambia, "munatoka mu harusi?"

Nikamnyooshea mkono, kama nilivyomnyooshea Koko. Aliinama, akatazama, akaanza kucheka, akamwita mwenzake aliyekuwa anafunga lango.

"Kuya uone. Huyu anatembea na saa ya Kinshasa."

Mwenzake akaja, akaona. "Kule Kinshasa bado banapiga muswaki," akasema. "Dada, ile bato, ile meli ya Kinshasa, iko ku mto. Hii ni ya kwetu."

Walicheka bila ubaya. Masikio yangu yaliwaka moto. Karani akafungua daftari, akashuka na kalamu hadi namba zetu. Zilikuwa zimekatwa mstari, na pembeni yameandikwa majina mengine.

"Kumi na moja na kumi na mbili ziko na benyewe. Nitawapandisha, sababu ya muzee huyu. Lakini chini, na mizigo. Mbio, banaondoa ngazi."

Mtu mwingine angelia pale, angemshika mkono, angeeleza. Mimi nilitazama viatu vyake. Koko ndiye aliyesema.

"Papa, miye nilitaka kuona Idjwi."

"Koko, Idjwi haikimbiake. Panda."

Chini kulikuwa na makreti ya bia yaliyopangwa hadi juu na magunia ya chumvi. Madirisha madogo ya mviringo yalikuwapo, lakini makreti yaliyafunika yote. Abiria wa chini tulikuwa kama kumi, wachuuzi hasa, waliokuwa wamelalia mizigo yao. Nilimtandikia Koko kitenge juu ya gunia. Kwenye ngazi ya kupanda juu alisimama baharia kijana, na kabla hatujakaa vizuri alikuwa ametutangazia: "Mutu ya chini anabaki chini. Juu kumejaa, bato itainama."

Injini ilitikisa kila kitu, chupa zililia ndani ya makreti. Koko hakunilaumu. Mara kwa mara aliuliza, "Tumefika?" nami nikasema sijui. Mwishowe mama mmoja mchuuzi, aliyezoea njia ile, alisema bila kufumbua macho, "Ni Idjwi sasa. Tuko tunaifuata."

Koko alikaa wima. Aligeuza uso upande wa kuume, kwenye makreti.

"Nenda uongee na ule kijana," akaniambia. "Mwambie kuko muzee. Nipande, niangalie, nishuke. Dakika tano."

Niliinuka. Njiani, hatua kama kumi, niliyapanga maneno: kuko muzee, alizaliwa hapa, dakika tano. Yalikuwa maneno machache, hata mtoto angeyabeba. Baharia alikuwa anamenya muwa. Akaniangalia.

"Unataka nini?"

"Choo," nikasema.

Akasogea pembeni. Choo kilikuwa juu.

Sijui kwa nini nilisema vile. Nimejiuliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nilipanda, na nilipotoka kwenye ngazi ukungu ulikuwa umekwisha, na kisiwa kilikuwa pale, karibu kuliko nilivyofikiri. Vilima vilifuatana, vya kijani, migomba imeshuka hadi majini, moshi unatoka kwenye paa za nyasi, watu wadogo wanatembea kwenye njia nyekundu. Kwenye benchi letu mama mmoja alikuwa amelala na mtoto wake, migongo yao imeelekea ziwa. Pembeni yao palikuwa na nafasi ya mtu kusimama. Palikuwa na nafasi hata ya watu wanne.

Nilisimama pale, nikatazama kwa niaba yake, lakini sikujua cha kutazama. Vilima vyote vilikuwa vilima. Kisha niliogopa kwamba nimekawia kwa mtu aliyekwenda chooni, nikarudi. Meli iliyumba, na yule baharia akanishika mkono nisianguke.

"Pole pole, dada," akasema. Hapo pia ningeweza kusema. Alikuwa amenishika mkono, ananitazama, anasubiri nisimame vizuri. Nikainamisha kichwa kumshukuru, nikashuka.

"Amesema nini?" Koko akauliza.

"Amekataa."

"Ulimwambia ni muzee?"

"Nilimwambia."

"Ni mutoto ya batu," Koko akasema. "Anafuata kazi yake." Halafu akaniuliza kama mimi mwenyewe niliona kitu. Nikamwambia migomba, moshi, njia nyekundu. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Kuko kilima moja inaingia mu maji, kama ulimi ya ng'ombe?"

"Iko, Koko."

"Na nyuma yake kingine, kifupi?"

"Na nyuma yake kingine."

Aliuliza mengine mengi, na kwa kila moja nikajibu ndiyo, mpaka alipotosheka.

Goma tulifika jioni mapema. Watu wa juu walishuka kwanza, sisi mwisho. Baharia alikuja kutusaidia na mizigo, na alipomwona Koko akijaribu kuinuka kwenye gunia aliacha kikapu, akampa mikono yote miwili.

"Muzee huyu alikuwa huku chini siku muzima?" akauliza, akinitazama mimi. "Sababu gani hamukusema? Ningemupandisha miye mwenyewe, akae na kapiteni."

Koko aliniangalia. Haikuwa hasira. Aliniangalia kwa muda, kama mtu anayejaribu kumtambua mtu kwa mbali, kisha akaushika mkono wa baharia, akamwambia asante, akapanda ngazi hatua kwa hatua.

Njia nzima kuelekea kwa shangazi nilijiambia kwamba nitamweleza siku ya kurudi, tukiwa juu, kisiwa kikiwa mbele yetu. Kurudi hakukuwapo. Magoti yalizidi, shangazi akamshikilia, na mimi nikarudi peke yangu na saa ya jirani. Jirani aliposikia aliduwaa. "Ndeko, ungeuliza," akasema, na akaendelea kulirudia neno hilo kwa siku kadhaa kila tulipokutana uani, kwa huzuni, kana kwamba kosa ni lake. Koko aliishi Goma miaka miwili tena, akazikwa kule.

Jioni ile ya kufika, shangazi alitukaribisha uani kwa kelele nyingi za furaha, akamkalisha mama yake kwenye kiti kizuri, akachuchumaa mbele yake kumvua viatu.

"Mama, niambie sasa. Idjwi uliiona?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikapu cha maharage, na nilingoja aseme. Alikuwa na haki ya kusema yote: saa, mlango, baharia, ndiyo zangu zote.

"Asubuhi kulikuwa ukungu," Koko akasema. "Mutoto aliiona."

Shangazi akanigeukia, anacheka, akaniuliza ilikuwaje. Nikaanza tena, migomba, moshi, njia nyekundu, na Koko akainamisha kichwa upande mmoja, akanisikiliza.