Qasil ya Bibi Harusi

Mjukuu wangu alikuja nyumbani kuolewa, na wiki tatu kabla ya harusi mimi ndiye niliyemtia kidonda usoni. Naanza na hilo lisije likanikwama kooni, maana nikianza kusimulia huwa nazunguka sana.

Huku kwetu Garissa bibi harusi husuguliwa kwa qasil. Ni majani ya mkunazi tu, yanaanikwa kivulini, yanatwangwa, yanachekechwa kwa kitambaa mpaka yawe unga wa kijani. Ukiutia maji unatoa povu kama sabuni. Na harufu yake! Ni kama mvua inanyesha mbali kule Habaswein na wewe umelala hapa, unaisikia usingizini. Nimeuza unga huo hapa mtaani Galbet tangu mama yake binti huyu nikimbeba mgongoni, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika. Ndiyo maana nilijiamini.

Alipofika kutoka Nairobi akavua shungi, nikaona mabaka meusi mashavuni.

"Ni jua, ayeeyo," akasema. Ayeeyo ni bibi kwa Kisomali, na mimi pia namwita hivyo hivyo, ndivyo tunavyoitana.

"Jua gani hilo, ayeeyo, linachoma mashavu linaruka pua?"

Akacheka, akageukia ukutani. Ningeuliza tena. Sikuuliza.

Mama yangu, kule Tarbaj, alikuwa akisafisha vyombo vya maziwa kwa kijiti cha moto. Anakisugua ndani ya chombo, moshi unatoka, na akizidi kusugua ndivyo maziwa yanavyozidi kunukia. Nina kovu la kijiti hicho kwenye kifundo cha mkono mpaka leo. Basi kichwani mwangu ngozi ilikuwa chombo cha maziwa: sugua, itanukia.

Nikaukoroga unga mzito, nikampaka, nikauacha ukauke mpaka uso ukawa kama tope la mto Tana maji yakishapungua. Qasil ikikauka hivyo huoshwa kwa maji mengi. Mimi nikasugua kavu kavu kwa kitambaa, mabaka yatoke upesi.

"Inauma, ayeeyo."

"Inauma ndiyo inafanya kazi. Nyamaza, utaupasua uso."

Jua lilikuwa linaingia dirishani, na vumbi la kijani likapanda ndani ya mwanga, likielea polepole, na ngozi yake imo humo. Nikasimama kulitazama. Lilikuwa zuri, Mungu anisamehe. Nilipomwosha, shavu la kushoto lilikuwa jekundu, linatoa maji.

Akachukua kioo. "Umenichuna kama mbuzi wa Idd."

Hapo ndipo aliponiambia. Alikuwa amepaka krimu ya kujichubua miezi mingi, ndiyo iliyoleta mabaka, na ngozi imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenicheka."

Kweli, ningemcheka.

Tukaenda zahanati. Sista akasema krimu ikome na qasil ikome, maji safi tu na mafuta yasiyo na manukato. "Ngozi mpya inazaliwa chini," akasema, "inapanda taratibu, ile ya juu inakufa na kudondoka yenyewe. Kama mwezi mmoja hivi. Ninyi wazee inachelewa zaidi. Kusugua ni kuisaidia kidogo tu ile iliyokwisha kufa. Wewe, mama, umeichuna iliyo hai."

"Mfunge mikono, sista," binti akasema, wala hakucheka.

Njiani akaniambia kama shavu halijafunga kufikia siku yenyewe, hatatoka mbele ya wanawake, harusi na iahirishwe.

Zikaja siku za kungoja. Baada ya adhuhuri tulilala mkekani, yeye kanipa mgongo, mimi macho darini. Nikawaza: kama ngozi inaondoka hivyo, basi ile aliyoishika mama yangu iko wapi? Imekuwa vumbi la Tarbaj. Marehemu mume wangu alinipapasa shavu ambalo halipo tena. Nimejimwaga njia nzima mpaka Garissa, ng'ombe wamenikanyaga, na asubuhi nimejifagia mwenyewe kwenye hiki chumba nikijiita uchafu. Lakini kovu la kijiti liko palepale. Kwa nini lenyewe haliondoki? Sikumwuliza sista. Siku kadhaa sikufagia kabisa, hata jirani akauliza kama naumwa. Na kila alfajiri nilimwinamia binti kutazama shavu, mikono nimeificha nyuma.

Lilifunga siku mbili kabla ya harusi. Ngozi changa, inang'aa, rangi haijalingana, na mabaka mengine yangalipo. Akajitazama kiooni muda mrefu.

"Nitatoka hivi hivi," akasema. Kisha akaleta bakuli la qasil, akaketi mkekani.

"Siwezi, ayeeyo. Sista amekataza."

"Usoni amekataza. Miguu je?"

Nikaukoroga mwepesi, maji mengi, nikamwosha miguu kama mtu anayeosha yai. Nilipomaliza akasema, "Lete mikono."

"Ya nini?"

"Lete tu."

Akanipaka qasil iliyobaki, akaanza kusugua viganja na vidole. Vikatoka vijiviringo vya kijivu, vikadondoka mkekani.

"Hii ndiyo ngozi iliyonichuna," akasema. "Iende zake."

"Polepole basi, inauma."

"Inauma ndiyo inafanya kazi."