Karatasi Haichomolewi Vile

Mwaka 2013 nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nashinda kwa baba mdogo mjini Kasulu. Alikuwa karani mstaafu wa mahakama, na barazani kwake aliwapigia watu barua kwa taipureta. Wateja wakikosekana, tulitazama filamu za kizungu za zamani kwenye kompyuta yangu. Karibu kila moja ilikuwa na mwanamume na taipureta yake: sigara mdomoni, anadonoa kwa vidole viwili, kisha anaichomoa karatasi kwa nguvu, krraa!

"Mwongo huyo," alisema baba mdogo. "Hana hata kaboni."

Mimi napinga kila kitu, lakini yule mwanamume nilimtetea. Niliona baba mdogo ana wivu tu.

Siku moja umeme ulikatika, kompyuta za steshenari zote zikazima. Akaja mama mmoja kutoka Buhigwe, anahema. Baraza la kata lilikuwa limempa shemeji yake shamba la marehemu mumewe, na rufaa ilitakiwa ifike baraza la ardhi la wilaya siku hiyohiyo, kabla ya saa tisa na nusu. Baba mdogo akapachika karatasi tatu na kaboni mbili, akapiga ukurasa mzima bila kutazama vidole. Akainuka kutafuta kidau cha wino wa dole gumba.

"Msomi, nitolee hiyo. Taratibu."

Nikaichomoa kama kwenye filamu, bila kulegeza rola inayoibana. Zote tatu zikapasuka katikati.

"Yesu wangu!" mama akasema. "Huyu katumwa na shemeji?"

Ilikuwa tisa kasorobo. Nilisubiri matusi. Baba mdogo akapachika karatasi nyingine.

"Haya, mcheza sinema. Nisomee, na usiongeze la kwako."

Nikashikanisha vipande viwili, nikasoma. Kwamba mume amezikwa humo shambani. Kwamba watoto wawili pia. Nikainua macho, nikamtazama mama.

"Soma, baba," mama akaniambia. "Mimi nayajua hayo."

Nikasoma hadi mwisho. Safari hii baba mdogo aliilegeza rola mwenyewe. Mama akatia dole gumba, nikampakia kwenye baiskeli, nikakanyaga pedali kama mwizi. Karani wa baraza la ardhi alikuwa ameshika komeo la dirisha. Akaguna, akatazama saa, akagonga muhuri.

Mama akaikunja nakala yake akaiingiza kifuani.

"Nikilipata shamba, maharage ya kwanza ni ya mzee," akasema. "Wewe tutaona."