Breki za Pikapu ya Mbuvi

Katika miaka ishirini na miwili ya ufundi wa magari pale mjini Wote, Mulwa hakuwahi kusumbuliwa na gari kama pikapu kuukuu ya Mbuvi, mchuuzi wa mbuzi. Mara tatu alibadilisha pedi za breki, akatoa upepo kwenye mabomba yake, akaijaribu ikashika vizuri. Mara tatu ikarudi, pedali ikizama hadi chini. Leo ilirudi ikivutwa, boneti imekunjamana, mbuzi watano wamekufa.

"Muuaji wewe!" Mbuvi alimtwanga ngumi ya pua kabla hata ya salamu.

Mulwa aliinuka na spana ya magurudumu, akamkaba shingo na kumbana kwenye gari. Hapo ndipo alipouona mkebe wa oili ya breki umepasuka, unatoa povu.

"Umeweka nini humu?"

"Maji ya sabuni," Mbuvi alikoroma. "Oili ikipungua njiani naongezea. Marehemu baba alifanya hivyo miaka yote."

Maji! Breki zikipata moto mteremkoni yanachemka, na pedali inazama. Mulwa aliinua spana juu ya kile kichwa, damu ikimchuruzika mdomoni.

"Na huyo baba yako alikufa na nini?"

Mbuvi alifumba macho.

"Breki zilikataa."