Suruali ya Bonge

Mtaani walimwita Mama Akiba, na jina hilo lilimkaa hata ukimwita kwa jina lake la kuzaliwa angegeuka nyuma kutazama ni nani kaitwa. Alilipata kwa ushonaji wake. Mafundi wengine hubakiza kidole kimoja cha kitambaa ndani ya mshono, basi. Yeye alibakiza vidole vitatu. Nguo yake ukiigeuza nje ndani ungedhani kuna nguo nyingine imejificha humo.

"Leo umekonda, kesho umenenepa, keshokutwa una mimba," aliwaambia wateja. "Mimi sikati. Nakunja."

Hata mtu akija kupunguziwa gauni, mkasi haukutoka kwenye droo. Alikunja, akapiga bandi kwa uzi unaofumuka kwa kuvutwa mara moja, kisha akarudishia juu kwa cherehani. Miaka thelathini na miwili alikaa na cherehani yake pale kibarazani, na hakuna mteja aliyewahi kurudi akaambiwa kitambaa kimekwisha. Alijivunia hilo kupita kiasi, lakini tumwachie, kila mtu ana lake la kuringia.

Mumewe alikuwa mwoka mikate, na watu walimwita Bonge. Hakuna aliyeuliza kwa nini, maana ulimwona akipita mlangoni kwa ubavu. Alikuwa na suruali moja ya heshima, ya rangi ya kahawia, ambayo mkewe alimshonea mwaka aliopewa usimamizi wa tanuri. Mambo yote makubwa ya maisha yake aliyahudhuria ndani ya suruali ile.

Ugonjwa ulikuja kimyakimya. Alipungua kidogo, majirani wakamsifia. Akapungua tena, wakaacha kumsifia. Suruali ilipoanza kumvuka, akatoka nayo kibarazani akaishika kwa mikono miwili, akajifanya mteja.

"Fundi, nipunguzie. Tumbo limehama bila kuaga."

"Simama wima wewe, acha utundu," mkewe akamwambia, akampima, akakunja vidole viwili kila upande.

Alipokuja mara ya pili, daktari alikuwa ameshasema neno lake. Alilisema waziwazi, wakiwa wamekaa mbele yake wao wawili na mwana wao wa pekee: ini limeharibika, na dawa zilizobaki ni za kutuliza maumivu. Mama Akiba alisikia kila neno. Alifika nyumbani, akakaa kwenye cherehani, akakunja juu ya mkunjo wa kwanza.

"Ukirudi mwilini nitaachia mikunjo," alisema. "Kazi ya dakika tano."

"Nikirudi utaachia," Bonge akaitikia.

Akakunja mara ya tatu na ya nne. Mara ya tano sindano ilivunjika, maana mshono ulikuwa mnene kama kamba ya kufungia mizigo. Akaweka sindano nyingine. Bonge naye hakutaka nguo nyingine yoyote. Alisema hawezi kukaa kibarazani kusalimiana na watu akiwa amevaa nguo za kulalia, na kila asubuhi alivalishwa suruali yake ya kahawia, akaketishwa kwenye kiti kando ya cherehani.

Aliyekuwa akimwogesha ni mwana wao, dereva wa lori, jitu la watu kama baba yake alivyokuwa. Asubuhi moja alitoka ndani na taulo mbichi begani, akasimama mbele ya mama yake.

"Nini?"

"Mama, suruali inamkata baba."

"Inamkata vipi, na mimi nimeikunja vizuri?"

"Ndiyo hiyo mikunjo. Nyonga zote mbili zimechubuka. Ya kushoto ina kidonda. Alinikataza nisikuambie."

"Tangu lini?"

"Hii wiki ya tatu."

Mama Akiba akaingia chumbani. Bonge alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kajifunga shuka, kainamisha kichwa kama mtu aliyefumaniwa. Mkewe akalifunua shuka, akaona. Alama za mshono wake zilikuwa pale kwenye ngozi, pindo kwa pindo, na angeweza kuzihesabu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kila ukikunja nilikuona unapata nguvu."

Alikaa kando yake. Alilia, na hakujificha.

"Nilikuwa nakutunzia nafasi," alisema. "Nikikata, nitakuwa nimekubali."

"Kata, mke wangu. Mimi nilishakubali siku nyingi. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Basi akaufungua ule mkasi. Aligeuza suruali nje ndani, akavuta bandi zote, moja baada ya nyingine, akampima mumewe upya. Alikata kidogo, akasimama, akaendelea. Alitoa kanda ndefu kutoka kiunoni hadi miguuni, akashona mshono mwembamba wa kidole kimoja, kama fundi yeyote.

Bonge alipoivaa alipitisha kiganja nyongani.

"Hii sasa ndiyo suruali," alisema. "Kumbe unajua kushona."

Aliivaa siku kumi na nane. Siku ya kumi na tisa, saa nne asubuhi, mkewe alimuuliza kama anataka chai. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, akauliza tena bila kuinua macho. Alipoyainua, alijua.

Miezi kadhaa ilipita. Siku moja mwana akaja na ile suruali mkononi.

"Niachie mshono, mama. Nataka kuivaa."

Kwa mazoea akaigeuza, vidole vikatafuta ndani ya mshono.

"Hakuna," alisema. Hakuwa amewahi kulisema neno hilo pale kibarazani.

"Najua. Vile vipande uliviweka wapi?"

Vilikuwa kwenye kopo la vifungo. Suruali ilikuwa imechujuka kwa jua na sabuni ya miaka, lakini sehemu ya vipande iliyokaa ndani ya mshono tangu mwanzo ilikuwa kahawia ileile ya siku aliyonunua kitambaa.

"Itaonekana," alimwonya.

"Acha ionekane."

Akaviunga ubavuni, huku na huku. Kijana akaivaa, ina mistari miwili iliyokoza kutoka kiunoni hadi chini, akakaa kwenye kiti cha baba yake. Mama yake akampitishia mkono nyongani, taratibu, akitafuta palipobana.

"Haikukati?"

"Haikati, mama."

"Usinifiche," alisema. "Ikikukata, uniambie siku hiyohiyo."